Boti kuukuu ya alumini kwenye gugu maji: dalili, chanzo na dawa

Boti ya alumini ya futi 14 yenye sakafu bapa, ikiwa tupu, inaelea kwenye maji yasiyofika hata magotini. Ndiyo maana wanaovua kwa ndoano kwenye kingo za Ziwa Naivasha au ndani ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, huitafuta hata ikiwa imebonyea na kuchubuka rangi. Wakishaipata wanaipeleka kwa fundi. Huko inapigwa jukwaa la plaiwudi mbele, inawekwa viti vya kuzunguka, betri mbili, zulia, sanduku la samaki na mashine (injini ya kufungwa nyuma) kubwa kuliko ya kwanza. Inarudi majini ikiwa inapendeza kwa picha, na inakwama kwenye gugu ambalo zamani ilikuwa ikilipita bila shida.

Matatizo mengi ya boti hizi yana mzizi huo mmoja: vitu alivyoongeza mwenyewe. Mengine ni uzee wa alumini na mengine ni mashine, lakini ukiona dalili yoyote kati ya hizi, anza kwa kujiuliza kilichoongezwa kabla hujaenda dukani kununua kingine.

Boti inakaa chini mno

Piga hesabu kidogo. Sehemu ya sakafu inayolala majini ikiwa na urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.1, eneo lake ni karibu mita 4 za mraba. Sentimita moja ya maji kwenye eneo hilo ni lita 40, na lita 40 za maji ni kilo 40. Kwa hiyo kila kilo 40 unazopakia zinakuzamisha sentimita moja. Karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 30 hivi ikiwa kavu, na ndani ya boti haitabaki kavu. Betri mbili za asidi za ampea 100 hazipungui kilo 50. Ongeza rafiki mmoja wa kilo 75, tayari umeshuka sentimita 4. Penye maji ya sentimita 25, hizo 4 ndizo zinazokufanya ushuke usukume.

Hayo ni kama uzito umesambaa sawasawa, na kwa kawaida haujasambaa. Mashine iko nyuma, tangi la mafuta nyuma, betri nyuma, na wewe umekaa nyuma umeshika mkono wa usukani. Iangalie boti kutoka pembeni siku maji yametulia: pua iko hewani na tako limezama. Hapo sakafu bapa haikusaidii, kwa sababu kinachoamua kama utapita ni sehemu iliyozama kuliko zote. Hamishia betri chini ya kiti cha kati au mbele, sogeza tangi kwa mpira mrefu zaidi wa mafuta, na ufunge bomba la kurefusha mkono wa usukani ili ukae karibu na katikati. Kazi hii haigharimu sana na matokeo yake yanaonekana siku hiyo hiyo.

Kama hukuongeza kitu na bado imezama, shuku povu gumu lililo chini ya viti. Boti za zamani zilijazwa povu ambalo likishapasuka linanyonya maji na halikauki tena. Ipeleke boti kwa muuza vyuma chakavu mwenye mizani. Boti za ukubwa huu nyingi ziko kati ya kilo 80 na 140, hivyo yako ikisoma 200 bila mashine, unabeba maji. Fungua kiti, toa povu bovu, weka mbao mpya za povu lisilonyonya, na uliweke mbali na petroli kwa sababu aina nyingi za povu hilo huyeyuka zikiguswa nayo. Chupa tupu za plastiki za soda, zilizofungwa vizuri, nazo zinafaa, hata kama fundi atacheka. Usiache mahali pale patupu: alumini ikijaa maji inazama, na povu hilo ndilo linaloiweka boti juu mkipinduka.

Jambo moja zaidi kuhusu viti. Watu hupenda kukata kiti cha kati ili wapate sakafu wazi. Kiti hicho kinashikilia ubavu wa kulia na wa kushoto visicheze. Ukikikata bila kuweka mhimili mwingine, kuta zinaanza kutanuka na kurudi kila wimbi likipiga, na baada ya muda ribiti (misumari inayobana bati) za kwenye mataruma, yaani mbavu za boti, zinalegea. Ndipo unapofika kwenye dalili inayofuata.

Inavuja, lakini huoni wapi

Kwanza kagua kizibo cha kutolea maji kule nyuma pamoja na mpira wake. Ni jambo dogo mno kiasi kwamba wengi hulikumbuka wakishamaliza kupaka gundi boti nzima.

Kizibo kikiwa kizima, geuza mambo: badala ya kuiweka boti kwenye maji, weka maji kwenye boti. Ipandishe juu ya magogo au trela imara, mimina maji ndani yafike kama sentimita 8, kisha ulale chini yake na chaki ya rangi. Usiijaze hadi juu, maana maji ni mazito na trela au sakafu inaweza kupinda. Zungushia alama kila ribiti inayotoa tone na kila mshono unaolowa. Subiri nusu saa, kuna zinazochelewa.

Ribiti iliyolegea mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Mtu mmoja anakandamiza kipande kizito cha chuma kwenye kichwa chake kwa nje, mwingine anaigonga kwa nyundo kutoka ndani mpaka ibane. Ikiwa tundu limepanuka, toboa upya na uweke ribiti nzima ya alumini ya saizi inayofuata, iliyopakwa gundi ya poliyurethani ya mashua. Zile za kawaida zinazofungwa kwa bunduki ya ribiti zina tundu katikati na maji hupitia humo humo, kwa hiyo ukilazimika kuzitumia tafuta zenye kichwa kilichozibwa. Mishono mirefu inazibwa kwa epoksi nyepesi inayopenya, ikipakwa kwa ndani, alumini ikiwa imesuguliwa na kukaushwa vizuri.

Silikoni ya bafuni, ile yenye harufu ya siki, iache huko huko bafuni. Inabanduka, na mabaki yake yanazuia gundi nzuri isishike. Na fundi wa kuchomelea akikuambia atachomelea ribiti zote zinazovuja, mshukuru uondoke. Bati jembamba la zamani linapinda kwa moto, na joto hilo hilo linalegeza ribiti za jirani. Uchomeleaji unafaa kwenye ufa wa bati lenye unene wa kutosha, kwa mtu mwenye mashine ya gesi ya agoni na aliyezoea alumini.

Unga mweupe na vitobo kama vya sindano

Hapa alumini inaliwa. Maji ya Naivasha na ya Victoria ni baridi, si ya chumvi, kwa hiyo ulaji huu haupaswi kuwa mkali. Ukiwa mkali kuna metali nyingine inayoisaidia. Tafuta shaba kwanza: kipande cha waya, sarafu, kiungo cha bomba kilichodondoka chini ya sakafu na kukaa kwenye maji ya ngama. Tafuta pia skrubu za chuma cha kawaida. Kisha angalia mbao. Mbao na plaiwudi zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa zina chumvi za shaba, na zikilowa juu ya alumini zinaitoboa polepole pale pale zilipolala. Tumia plaiwudi isiyo na dawa, ipakwe epoksi pande zote na kwenye kingo, au tumia bati la alumini lenyewe. Rangi za kuzuia viumbe wa majini zenye shaba, zinazouzwa kwa ajili ya mashua za Pwani, hazifai hata tone.

Boliti ziwe za chuma cha pua zikiwa na washa za nailoni. Na waya hasi wa betri usifungwe kwenye mwili wa boti kama inavyofanywa kwenye gari. Kila taa na kila pampu iwe na waya zake mbili hadi kwenye betri. Umeme unaovuja kupitia mwili wa boti unaweza kula bati haraka kuliko kitu kingine chochote nilichotaja.

Rangi inayobanduka kwa magamba ina sababu nyingine: alumini hujivika utando wake mwenyewe ndani ya muda mfupi baada ya kusuguliwa. Piga msasa, safisha, paka praima ya alumini siku hiyo hiyo. Ukilala ukapaka kesho, utarudia.

Mashine inanguruma, boti haiendi

Dalili hii ina vyanzo vinne, na kila kimoja kina dawa yake, kwa hiyo usikimbilie kufungua mashine.

Cha kwanza ni gugu lenyewe, nalo si la aina moja. Gugu maji linaloelea, lililotujia mwishoni mwa miaka ya 1980, lina mizizi mirefu inayoning'inia na linaizuia boti kama mkeka. Majani yanayoota chini ya maji, yale membamba marefu, ndiyo yanayojisokota kwenye propela mpaka inakuwa bonge. Mayungiyungi yana vikonyo vigumu vinavyoshika shina la mashine. Likisokota, punguza mafuta, weka gia ya nyuma, kanyagia kidogo kwa sekunde chache, na sehemu kubwa itajitupa. Isipotoka, zima mashine kabisa, iinue, toa kwa mkono. Mtu wa kukata kwa panga huku mashine ikiwa inazunguka yuko kila ziwa.

Cha pili ni pini. Mashine ndogo nyingi zina pini laini inayoshikilia propela, iliyowekwa ili ikatike kabla ya gia. Ukigonga kisiki, inakatika: mashine inazunguka vizuri na propela imesimama. Beba pini za akiba na koleo, zifungwe ndani ya boti zisisahaulike nyumbani. Msumari unaochomekwa badala yake utakufikisha pwani, halafu kisiki kinachofuata kitakata gia.

Cha tatu kinatatanisha zaidi. Propela za mashine kubwa kidogo zina bushi ya mpira katikati. Ikichoka, boti inakwenda vizuri kwa mwendo mdogo, ukiongeza mafuta mashine inapaa sauti na mwendo haupandi. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu hadi kwenye mwili wa propela, endesha, kisha angalia. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyoelekeana, bushi inateleza.

Cha nne ni hewa. Mashine ikifungwa juu mno, propela inavuta hewa, hasa unapokata kona. Lile bamba bapa lililolala juu ya propela linatakiwa liwe usawa mmoja na sakafu ya boti, au juu yake kidogo sana.

Kinyume chake ndicho ninachokiona mara nyingi zaidi: mashine iliyo chini mno. Boti za zamani za aina hii nyingi zina ubao wa nyuma wa inchi 15, na mashine iliyopatikana ni ya shina refu la inchi 20, kwa kuwa ilikuwa kwenye mashua ya mbao yenye ubavu mrefu. Inchi 5, karibu sentimita 13, zinalima matope. Mtu kama huyo anaweza kupunguza uzito mwaka mzima na asipate sentimita 13. Inua ubao wa nyuma au funga bamba la kupandishia mashine. Ukiwa hapo, bonyeza ubao wenyewe kwa bisibisi. Ukizama kama mkate uliolowa, ubadilishe kabla mashine haijaondoka nao.

Baada ya kila safari yenye nyavu, fungua propela uangalie nyuma yake. Vipande vya nyavu za plastiki na uzi wa ndoano hujificha pale na kukata sili, mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi utoe oili kidogo: ikiwa imegeuka nyeupe, maji yameingia, na kuendelea kuendesha ni kuiua.

Mkojo wa mashine umekatika

Kile kijito kinachotoka nyuma ya mashine kinakuambia pampu inasukuma maji ya kupoza. Kikikatika kwenye gugu, zima. Usijiambie utafika kwanza pwani. Inua mashine uangalie vitundu vya kunyonyea maji pembeni mwa shina: jani moja pana au vijani vidogo vinavyoelea vinatosha kuviziba. Safisha, washa, angalia. Bado? Pitisha uzi mnene wa ndoano kwenye tundu la mkojo, huenda ni tope au mdudu aliyejenga humo. Bado tena? Ni impela ya pampu, kigurudumu cha mpira ambacho matope na mchanga hukisaga. Anayevua kwenye kina kifupi aibadilishe kila mwaka bila kusubiri ife. Ukiikuta imepoteza vijiti, tafuta vipande vyake kwenye njia za maji, vinginevyo vitaziba mahali pengine.

Kwa anayeingia kwenye gugu zito kila siku, kuna njia ya kuachana na tatizo hili lote: injini ndogo inayopozwa kwa hewa, yenye mti mrefu wa propela unaolala karibu usawa na maji, kama zile za mashua za Thailand. Haina tundu la kunyonya maji, na propela yake inainuliwa kwa mkono. Ina kelele, kona zake ni ngumu, na mkono unachoka. Lakini inapita.

Mashine imepoteza nguvu bila sababu

Huenda sababu ni mlima. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,890. Mashine ya nguvu za farasi 15 iliyokuwa ikiruka Mombasa, ikifika Naivasha inabaki kama ya 12. Plagi zikitoka nyeusi zenye masizi, kabureta inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi aibadilishie jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli. Kisha propela: kati ya namba mbili zilizochorwa juu yake, ya pili ndiyo pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Shuka inchi moja au mbili, mashine ipumue.

Mota ya umeme inakwama na waya unachemka

Propela ya mota ikibanwa na majani, mota inavuta umeme mwingi ghafla. Mota ya volti 12 yenye msukumo wa ratili 55 huvuta ampea 50 ikiwa kwenye mwendo wa juu kabisa. Waya wa taa hauwezi. Tumia waya wa milimita 16 za mraba, na fyuzi au swichi ya kujikata ya ampea 60 karibu na betri. Kuna propela zenye mapanga yaliyolala nyuma, zinazoachia majani, nunua hiyo. Hata hivyo, ndani ya gugu lenyewe upondo mzuri unaishinda mota yoyote: hauna kelele, hausokotwi, hauna betri ya kilo 25. Ufungie panda mwishoni usizame kwenye tope.

Samaki wanakimbia kabla hujarusha

Alumini ni ngoma. Koleo likidondoka, bass wa Kimarekani waliopandikizwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 wanasikia kabla yako. Tandika mpira wa sakafu au povu la kufanyia mazoezi. Zulia huonekana zuri, lakini linahifadhi maji na majani na baada ya mwezi linanuka. Na ukijenga jukwaa la kusimamia, liwe chini ya ukingo wa boti. Ukisimama juu ya ukingo, uzito wako unahamia juu na boti nyembamba inayumba kwa kila mrusho.

Boti haitulii, au haitoki

Boti nyepesi ya ubavu wazi inasukumwa na upepo, na nanga kwenye tope laini inateleza au inarudi na mzigo wa majani. Choma vijiti viwili virefu, kimoja mbele na kimoja nyuma, ufunge kwa kamba fupi. Kimoja peke yake kitaifanya izunguke.

Kwenye Winam hatari kubwa ni upepo kugeuka. Mkeka wa gugu uliokuwa mbali asubuhi unaweza kuziba njia ya kutokea alasiri. Ukiona unasogea, toka mapema. Usijaribu kuuvunja kwa nguvu ya mashine, utaishia na mashine iliyochemka katikati ya gugu. Beba panga, upondo, maji ya kunywa na simu yenye chaji, na jaketi la kuokolea livaliwe, lisiwe mto wa kukalia.

Naivasha ina yake. Maji yalipopanda mwaka 2020 yalimeza mashamba, na nguzo za ua na waya bado ziko chini ya maji kwenye vina hivyo hivyo unavyovitafuta. Inua mashine, ingia kwa upondo, mtu wa mbele aangalie. Viboko nao hulala mchana kwenye kina kifupi karibu na mafunjo. Ukiona mapovu au maji yaliyochafuka bila upepo, rudi ulikotoka na uwaachie viboko njia ya kuelekea maji marefu. Kabla ya kwenda, uliza kwenye kikundi cha usimamizi wa ufuo ni sehemu zipi za mafunjo zimefungwa kwa ajili ya mazalia, maana boti yako ikisharekebishwa itafika na huko.